Dirisha lililoanguka Futenma: kisa cha shule na kambi ya helikopta

Tarehe 13 Desemba 2017, siku ya Jumatano, saa 4 na dakika chache asubuhi, watoto zaidi ya 50 wa Shule ya Msingi Futenma Namba 2 walikuwa uwanjani katika kipindi cha michezo. Shule hiyo iko katika mji wa Ginowan, kisiwani Okinawa, kusini kabisa mwa Japani. Helikopta ikapita juu yao. Hakuna aliyeshtuka, maana uwanja wa shule na Futenma, kambi ya helikopta ya Kikosi cha Marine (wanajeshi wa majini) cha Marekani, vinatenganishwa na uzio tu, na kelele za rafadha ni sehemu ya ratiba ya siku.

Safari hii kuna kitu kilidondoka. Lilikuwa dirisha zima la chumba cha rubani, pamoja na fremu yake ya chuma, pana kama meza ndogo: karibu sentimita 90 kila upande, uzito kilo 7.7. Lilitua uwanjani, hatua chache kutoka walipokuwa watoto. Jiwe dogo lililoruka kwa kishindo kile lilimpiga mvulana mmoja mkononi. Ni hilo tu. Hakuna aliyefariki wala kulazwa hospitali, na kwa sababu hiyo kisa hiki kingeweza kuishia kwenye aya moja ya habari za jioni.

Mimi naona ni kisa kinachostahili kuchambuliwa hatua kwa hatua, kwa sababu ndani ya dirisha lile moja kuna historia yote ya kambi ya Futenma. Na pia kwa sababu ya yaliyofuata: siku zile zile simu zilianza kuingia shuleni, na baadhi ya wapigaji hawakuwa wakitoa pole. Walikuwa wakiwalaumu walimu. Kambi ilikuwepo, walisema, nyinyi mkaja kujenga shule pembeni yake, sasa mnalalamika nini?

Swali hilo la nani alimfuata nani tunalijua sote. Huulizwa kila mahali ambapo watu wa kawaida wanaishi karibu na kitu cha hatari: reli, kiwanda, bomba la mafuta, ghala la silaha. Mara nyingi huulizwa ili mazungumzo yaishe. Kwa Futenma, bahati nzuri, swali lina majibu yanayojulikana.

Kabla ya vita, ardhi ilipo njia ya kurukia ndege leo ilikuwa katikati ya kijiji cha Ginowan. Palikuwa na vitongoji vyenye majina, ofisi ya kijiji, shule, visima, mashamba ya viazi vitamu na miwa. Katikati ilipita barabara ya kale iliyopandwa misonobari pande zote mbili, miti karibu 3,000, ambayo watu waliitumia kwenda kuabudu katika hekalu la Futenma. Barabara hiyo ilikuwa na sifa kiasi kwamba mwaka 1932 serikali ya Japani iliiorodhesha kuwa kumbukumbu ya asili ya taifa.

Tarehe 1 Aprili 1945 majeshi ya Marekani yalitua ufukwe wa magharibi wa Okinawa, si mbali na hapo. Vita vya miezi mitatu vilivyofuata viliua zaidi ya watu 200,000, na karibu nusu yao walikuwa raia. Vita vikiwa bado vinaendelea kusini mwa kisiwa, wahandisi wa Jeshi la Marekani walianza kusawazisha ardhi ya Ginowan ili wapate uwanja wa ndege za kuishambulia Japani bara. Wenye ardhi hawakuwepo. Waliosalimika walikuwa wamefungiwa katika kambi za wakimbizi. Waliporuhusiwa kurudi walikuta vijiji vyao vimezungushiwa uzio, misonobari imetoweka, na mahali pa nyumba pamewekwa njia ndefu ya kurukia. Wakafanya ambalo mtu yeyote angefanya: wakajenga pembeni, karibu iwezekanavyo na mahali palipokuwa kwao.

Kwa hiyo mji wa Ginowan umekaa kama kitumbua chenye tundu katikati. Kambi ipo katikati, eneo la hekta karibu 480, robo ya mji mzima, na watu takriban 100,000 wamejipanga kuizunguka. Sehemu kubwa ya ardhi ndani ya uzio bado ina hati za watu binafsi, maelfu ya wamiliki wanaolipwa kodi ya pango na serikali ya Japani. Ndani mle yapo hata makaburi ya ukoo. Kila mwaka mwezi wa Aprili, katika msimu wa kuwakumbuka wazazi waliotangulia, baadhi ya familia huomba kibali cha kuingia kambini ili zifagie kaburi la babu na kuliwekea chakula. Mtu anayeuliza ni nani alitangulia ajibiwe kwa makaburi hayo.

Lakini tusiishie hapo, kwa kuwa shule yenyewe kweli ilijengwa baada ya kambi. Ilifunguliwa mwaka 1969. Hoja ya wapiga simu ina kipande hiki cha ukweli, na nataka nikitazame kwa makini.

Mwaka 1945 Futenma haikuwa kambi ya helikopta. Ilijengwa kwa ajili ya ndege kubwa za kudondosha mabomu, vita vikaisha kabla haijatumika sana, na kwa miaka kadhaa ilikuwa uwanja wa akiba usio na shughuli nyingi. Mwaka 1957 ilitoka mikononi mwa Jeshi la Nchi Kavu kwenda Jeshi la Anga, na mwaka 1960 ikakabidhiwa Kikosi cha Marine. Mabadiliko makubwa yalikuja na vita vya Vietnam. Mwezi Novemba 1969, Marekani ilipoanza kupunguza askari wake kule, kundi la 36 la ndege za Marine, ambalo kazi yake kuu ilikuwa helikopta, lilihamishiwa Futenma na kupafanya makao yake. Hapo ndipo anga ya Ginowan ilipobadilika. Helikopta haipai ikaenda zake kama ndege ya abiria. Inazunguka. Inafanya mazoezi ya kutua na kuruka, kutua na kuruka, kwa mwendo mdogo na mwinuko wa chini, juu ya mapaa yale yale, saa nzima.

Yaani shule na helikopta vilifika mwaka mmoja. Mzazi aliyeandikisha mtoto wake katika shule ile mpya, iliyojengwa kwa sababu shule mama ilikuwa imefurika, hakuhamia pembeni ya kambi ya helikopta. Alikuwa akiishi pembeni ya uwanja uliopoa, katika kisiwa ambacho wakati huo kilikuwa bado chini ya utawala wa kijeshi wa Marekani hadi tarehe 15 Mei 1972, na ambako mwananchi hakuulizwa ni kikosi gani kiletwe wapi.

Halafu kuna jambo ambalo wapiga simu hawakulijua. Shule ilijaribu kuhama. Mwaka 1982 helikopta ilianguka ndani ya kambi, umbali mdogo tu kutoka shuleni, na wazazi wakaanza kudai watoto waondolewe pale. Manispaa ikatafuta kiwanja, na katika mji ambao katikati yake pamechukuliwa, kiwanja kilichofaa kilikuwa ndani ya kambi nyingine ya Marekani iliyo jirani. Mazungumzo yalikwenda miaka. Upande wa Marekani ulitaka ardhi ya shule iliyoachwa iingizwe Futenma, yaani kambi iongezeke. Fedha za kununulia ardhi mpya nazo hazikupatikana serikalini. Majengo yalikuwa yanazeeka, zege linabanduka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wazazi waliochoka kusubiri wakakubali yajengwe mapya pale pale. Mimi siwezi kuwalaumu. Ukishachagua kati ya paa linaloweza kumwangukia mtoto wako kutoka juu ya dawati na kitu kinachoweza kumwangukia kutoka angani, utaanza na kile kilicho karibu.

Marekani ina kanuni zake yenyewe kuhusu usalama wa viwanja vya ndege za kijeshi: eneo la mwisho wa njia ya kurukia liachwe wazi, pasiwe na nyumba, shule wala hospitali. Ndani ya eneo la aina hiyo pale Futenma, kwa hesabu ya manispaa ya Ginowan, kuna nyumba takriban 800, watu wapatao 3,600 na majengo ya umma 18. Shule yetu ni mojawapo ya hayo 18. Kambi hii isingeruhusiwa kufanya kazi hivi ingekuwa California. Kanuni ile ni ya nyumbani kwao, na Okinawa si nyumbani kwao.

Kwamba hatari ilikuwa ya kweli, ilishaonekana miaka 13 kabla ya dirisha. Tarehe 13 Agosti 2004, saa 8 na robo hivi mchana, helikopta ya aina ya CH-53D ilipoteza rafadha ya mkia ikiwa angani, ikazunguka hovyo na kuangukia jengo la utawala la Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Okinawa, chuo kilichopakana na kambi upande wa kusini. Ikawaka moto. Wanajeshi 3 waliokuwa ndani waliumia. Raia hakuna aliyeguswa, na hilo hadi leo linasimuliwa kama muujiza, kwani wanafunzi walikuwa likizo na vipande vya chuma vilirushwa mitaani. Kimojawapo kilipenya katika nyumba na kuingia chumba ambacho mtoto mchanga alikuwa amelala muda mfupi tu kabla. Mama yake alikuwa amemtoa.

Uchunguzi wa Marekani ulieleza chanzo: pini. Pini ndogo ya kufungia boliti kwenye mfumo wa rafadha ya mkia haikurudishwa mahali pake baada ya matengenezo. Mafundi walikuwa wamefanya kazi hadi saa 17 kwa siku, siku tatu mfululizo, wakiandaa helikopta kwa ajili ya Iraq. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na kila mara linanisimamisha hapo hapo. Fundi kijana aliyechoka, vita viko maelfu ya kilomita, na matokeo yake yanatua juu ya chuo cha watu wasiohusika kabisa.

Baada ya ajali, askari wa Marekani walijichukulia mamlaka hapo hapo. Walizingira eneo, nje ya kambi yao, katika ardhi ya chuo cha Kijapani, na polisi wa Okinawa hawakuruhusiwa kuyakagua mabaki. Waliyaondoa wenyewe, wakachukua na udongo. Pale chuoni ulibaki mti mmoja ulioungua upande mmoja, na ulitunzwa kama ushahidi.

Cha kuumiza zaidi, ajali hiyo ilitokea katika mwaka ambao kambi haikutakiwa kuwepo tena. Mwezi Septemba 1995 wanajeshi watatu wa Marekani walimteka na kumbaka msichana wa miaka 12 huko Okinawa. Hasira ilikusanya watu takriban 85,000 katika mkutano mmoja mjini Ginowan mwezi uliofuata. Serikali mbili zilitikisika, na tarehe 12 Aprili 1996 Waziri Mkuu Ryutaro Hashimoto na balozi wa Marekani Walter Mondale walitangaza kwamba Futenma itarudishwa yote, ndani ya miaka 5 hadi 7. Piga hesabu: ilikuwa iwe imefungwa ifikapo 2003. Tangazo lilikuwa na sharti, kwamba kituo mbadala kipatikane kwanza, na mbadala ukapangwa hapo hapo Okinawa, katika bahari safi ya Henoko, mji wa Nago. Yaliyofuata ni marefu na nitayapita upesi: kura ya maoni ya Nago mwaka 1997 iliyokataa, magavana waliochaguliwa kwa kupinga, kesi mahakamani, kifusi kilichoanza kumwagwa baharini Desemba 2018, kura ya maoni ya mkoa mzima Februari 2019 ambayo asilimia 72 ya waliopiga kura walikataa, na kugundulika kwamba chini ya sehemu ya bahari ile kuna tope laini linaloshuka hadi mita 90. Serikali ya Tokyo iliendelea. Makadirio yake yanaisogeza siku ya kukabidhiwa Futenma hadi miaka ya 2030.

Turudi uwanjani, Desemba 2017, maana sasa tunalitazama dirisha tukijua linatoka wapi.

Halikuanguka ghafla katika mwaka wa amani. Mwaka mmoja kamili kabla, tarehe 13 Desemba 2016, ndege ya Osprey ya Futenma ilianguka kwenye maji ya kina kifupi ufukweni Nago. Oktoba 2017 helikopta ya CH-53E, aina ile ile ya dirisha letu, ilitua kwa dharura kwenye shamba la mkulima huko Higashi na kuteketea. Na tarehe 7 Desemba, siku 6 tu kabla ya dirisha, kituo kimoja cha kulelea watoto mjini Ginowan kilisikia kishindo juu ya paa. Walipopanda walikuta kifuniko kidogo cha plastiki, chenye umbo la kopo, uzito wa gramu 213. Jeshi la Marekani lilikubali kwamba kifuniko hicho ni cha CH-53E, lakini likasema vyote vilivyotakiwa kuwepo vimehesabiwa na vipo. Walimu wa kituo nao walianza kupigiwa simu: mmekiweka wenyewe.

Kuhusu dirisha la shule hapakuwa na pa kukwepea, kwa kuwa watu waliliona. Jeshi liliomba radhi, likasimamisha CH-53E, likachunguza, na kueleza kwamba ni kosa la binadamu: wahudumu hawakuhakikisha kuwa mkono wa kulifungulia dirisha wakati wa dharura umefungwa sawasawa. Chombo chenyewe, walisema, hakina hitilafu. Tarehe 19 Desemba helikopta hizo ziliruka tena. Siku 6.

Hapa ndipo ninapoliona kosa kubwa, na halimhusu mhudumu aliyesahau. Maelezo ya "kosa la binadamu" yalichukuliwa kama sababu ya kurudi angani, ilhali pini ya 2004 nayo ilikuwa kosa la binadamu. Binadamu atasahau tena. Mahali popote penye mashine hizi, swali la usalama ni nini kilicho chini pale binadamu anaposahau. Futenma chini kuna watoto, na hilo halikubadilishwa na ukaguzi wowote wa madirisha.

Marekani iliahidi kuepuka anga ya shule "kadiri iwezekanavyo". Wizara ya Ulinzi ya Japani ikaweka kamera na waangalizi. Tarehe 18 Januari 2018, mwezi mmoja na siku tano baada ya dirisha, waangalizi hao waliona helikopta 3 zikipita juu ya shule, na wizara ikasema hadharani kwamba imeziona. Jeshi la Marekani likakanusha: marubani wao walijua pa kupita, na hawakupita pale. Serikali mshirika ina picha, na bado haikuweza kulifanya jeshi mshirika likubali. Ukitaka kupima nguvu ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika jambo hili, anzia hapo.

Uwanja ulifungwa miezi miwili. Ulipofunguliwa tena, tarehe 13 Februari 2018, ulifunguliwa kwa utaratibu mpya. Maofisa wa ofisi ya ulinzi walisimama shuleni wakitazama njia ya kurukia. Helikopta au ndege ikielekea shuleni, wanapaza sauti kwa kipaza sauti: kimbieni. Watoto wanaacha mpira pale ulipo na kukimbilia ndani, na ikishapita wanarudi. Kipindi cha michezo ni dakika 45. Kuna vipindi vilivyokatizwa mara kadhaa, na kuna siku watoto walikimbia zaidi ya mara 20. Kuanzia tarehe hiyo ya Februari hadi tarehe 8 Juni, walikimbia mara 527.

Namba hiyo, 527, ndiyo kiini cha kisa hiki. Kila mojawapo ina maana chombo kilikuwa kinaelekea kule ambako kiliahidiwa kuepuka kadiri iwezekanavyo. Na kila mojawapo ina maana aliyebadili mwendo ni mtoto wa miaka saba au tisa. Ahadi ilikuwa juu ya helikopta; utekelezaji ukawa juu ya miguu ya watoto.

Katikati ya mwaka huo serikali ilijenga vibanda vya kujikinga uwanjani, vyenye paa gumu, ili mtoto asilazimike kukimbia mbali hadi darasani. Tarehe 1 Oktoba 2018 waangalizi waliondoka. Shule, ambayo nayo ilikuwa imechoka kuona vipindi vikivunjika, iliamua kuwafundisha watoto kuamua wenyewe: sikiliza, tazama juu, kisha ujue kama uendelee kucheza au ukimbie. Nawaelewa walimu. Walibaki na kazi waliyoweza kuifanya.

Baadhi ya akina mama wa kile kituo cha malezi walikusanya saini wakapanda ndege hadi Tokyo kuomba jambo moja, kwamba zisipite juu ya watoto. Walipokelewa na maofisa waliowaambia kwamba suala la kifuniko bado linachunguzwa.

Mtoto aliyezaliwa siku lilipotolewa lile tangazo la 1996 alikuwa na miaka 21 dirisha lilipoanguka. Kama alisoma pale, alimaliza shule ya msingi helikopta zikizunguka juu yake, na mtoto wake naye anaweza kuwa anasoma pale leo. Vibanda bado viko uwanjani.